Mchinjaji wa Kilimarondo

Bunduki ilipolia, watu wote walisimama pale walipokuwa, isipokuwa Mbaruku. Yeye ndipo alipoanza kukimbia.

Alikuwa ameshapita miaka hamsini, mwembamba, mwenye miguu mirefu kama ya korongo, na kiunoni alifunga mkanda mpana wa ngozi wenye ala ya kisu upande wa kulia. Kazi aliyoandikwa kambini ilikuwa kufuata nyayo. Alitangulia mbele ya wazungu wenye bunduki, macho chini, akisoma mchanga na majani. Kazi ya pili hakupewa na mzungu yeyote. Alipewa na watu wa Kilimarondo. Mnyama akipigwa akaanguka, Mbaruku alitakiwa amfikie kabla roho haijatoka, amwelekeze kibla, alitaje jina la Mungu, akate. Akichelewa, nyama yote ile ilikuwa mzoga, na Waislamu ndio waliokuwa wengi vijijini. Nyama ya kambini ilipofika kwa wanawake, hawakuuliza ni mnyama gani wala ameuawa wapi. Waliuliza, "Kachinja nani?" Wakiambiwa Mbaruku, vyungu vinapanda mafigani.

Kambi yenyewe ilikuwa mwendo wa asubuhi nzima kutoka kijijini, ndani ya miombo: mahema sita na banda kubwa la nyasi lenye baraza, ambapo wageni walikunywa chai wakitazama kijito. Mwenye kambi alikuwa Bwana Mluzi. Jina lake la kizungu watu walilijua, ila halikuwakaa mdomoni. Alikuja Nachingwea kuendesha trekta wakati wa mashamba ya karanga. Karanga zilipokoma wenzake wakarudi makwao, yeye akabaki na gari moja, bunduki tatu na Kiswahili alichookota shambani. Sasa kila kiangazi alileta wageni kutoka mbali kuja kuwinda. Alipiga mluzi kutwa nzima, isipokuwa akiwa nyuma ya mnyama au akiwa na hasira.

Mwaka huo wa hamsini na tatu, mwezi wa saba, Mbaruku alikuwa na jambo lake. Binti yake Mwanaima alikuwa anaolewa Ijumaa na kijana wa Likunja, kule Ruangwa. Ndugu wa mume walikuwa wanakuja watu arobaini, wengine kwa lori mpaka Nachingwea, halafu kwa miguu. Na siku walipokuja kuposa, Mbaruku alikuwa ametamka mbele yao kwa kinywa chake mwenyewe:

"Kuku kila nyumba wanapikwa. Kwangu mtakula mnyama wa porini, na nitamchinja mimi."

Hakusema kwa majivuno ya bure. Alikuwa amekwisha kupatana na Bwana Mluzi. Kibali cha mgeni wa mwezi ule kilikuwa na pofu mmoja na nyati mmoja. Mgeni atachukua kichwa na ngozi, nyama yote ya pofu itakuwa ya harusi. Na pofu dume mnajua ukubwa wake, ng'ombe akisimama kando yake anaonekana ndama. Nyama yake ina mafuta, laini, haina shombo. Arobaini wangekula na Kilimarondo nzima ingebeba.

Basi mgeni akafika. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye uso mwekundu, na katika mfuko wa shati alibeba kipande cha chaki. Siku ya kwanza tu akaomba aletewe mbuzi wa kambini. Akampigia magoti, akamchora mstari mweupe kuzunguka shingo chini ya taya, na mwingine chini zaidi, karibu na mabega. Akasema maneno mengi kwa lugha yao.

"Anasema nini?" Mbaruku aliuliza.

"Anasema kichwa cha pofu anakitundika ukutani kwake," Bwana Mluzi alisema. "Kichwa pamoja na shingo nzima. Ngozi ya hapa ikikatwa, fundi wa kule hawezi kushona, kovu linaonekana. Kutoka mstari huu mpaka huu, kisu hakuna."

Siku hiyohiyo mgeni akaitwa Bwana Chaki, na jina likamganda.

Mbaruku aliitazama shingo ya mbuzi akacheka. Wageni wa nyuma walikuwa wanataka pembe tu, shingo walimwachia. Sasa huyu alitaka palepale ambapo kisu kinapita. "Nipe siku moja, bwana," alisema. "Nikaulize."

Akaenda Kilimarondo kwa Mwalimu Shaban, aliyesomesha watoto Kurani. Alimkuta anapepeta ufuta na mkewe, akamweleza habari ya chaki. Mwalimu hakushangaa. Aliweka ungo chini, akanyoosha shingo yake mwenyewe na kugusa kishimo kilichopo juu ya kifua.

"Ngamia huchinjwa hapa," alisema. "Shingo yake ndefu, kwa hiyo wanakata chini, inapoingia kifuani. Koromeo lipo, mshipa upo, damu inatoka yote. Kata hapo."

"Mwalimu, ngamia umemwona wapi?"

"Sijamwona. Nimemsoma."

"Na aliyeandika alimwona?"

"Mbaruku, umekuja kuuliza au umekuja kunichekesha? Kata hapo. Ila kumbuka, ukate mnyama aliye hai. Mkia utikisike, jicho lipepese. Hapo hakuna njia ya ngamia wala ya mbuzi."

Mbaruku akarudi kambini amenyooka. Akamwita yule mbuzi, akaomba chaki, akachora mstari wake mwenyewe, vidole vinne chini ya mstari wa mgeni. "Mimi nakata hapa," alisema. "Shingo yako yote unabeba, kwetu tunakula." Bwana Mluzi akafasiri. Bwana Chaki akashika mkono wa Mbaruku akautikisa, akacheka, wote wakacheka. Lakini macho yake yalibaki kwenye kile kisu.

Jumanne, jua likiwa bado chini ya miti, walikuta nyayo za pofu watano. Mbaruku alitangulia. Nyuma yake Bwana Mluzi na mgeni, kisha wapagazi wanne wakiongozwa na Adinani, na mwisho kabisa Ildefonsi, mchunaji ngozi, mtu wa vijiji vya misheni, aliyebeba visu vyake ndani ya gunia. Walitembea kimya mpaka jua lilipoanza kuuma mgongo. Hapo Mbaruku akainua mkono. Hakuwa ameona kitu. Alikuwa amesikia: ta, ta, ta, kama mtu anayevunja vijiti taratibu. Pofu dume mkubwa akitembea, magoti yake hulia hivyo.

"Mmoja," alinong'ona. "Mzee wao. Anakuja mwenyewe."

Wakachutama. Pofu akatokeza kati ya mininga, rangi ya vumbi, ngozi ya shingo imening'inia mpaka magotini. Bwana Chaki alipiga vizuri, hilo lazima lisemwe. Risasi iliingia nyuma ya bega. Pofu akapiga magoti kama anayeswali.

Mbaruku alikuwa ameshanyanyua mguu. Akavutwa nyuma, nusura aanguke chali.

Bwana Chaki alikuwa ameushika mkanda wake kwa mikono miwili. Alikuwa anahema, uso umemwiva, anasema maneno mbio mbio, na katikati ya maneno yake analirudia neno moja la Kiswahili alilojifunza: "Ngoja! Ngoja! Ngoja!" Akaachia mkono mmoja, akatoa chaki, akajichora mwenyewe shingoni, mstari wa chini.

"Nimejua! Hapo hapo! Niache!" Mbaruku alisema.

"Ngoja!"

Bwana Mluzi akapiga kelele kwa lugha yao, na mkono ukaachia. Muda wote huo ulitosha mtu kunywa kikombe cha maji. Pofu alikuwa amesimama tena, akapiga hatua kumi ndani ya kichaka, akaanguka bila kishindo. Mbaruku akakimbia. Alikimbia kama kijana, akaruka gogo, miiba ikamchana mapaja, kisu kikiwa tayari mkononi. Akafika.

Akamshika pofu pembe, akamgeuza shingo. Shingo ilikuja kirahisi mno.

Akasimamisha kisu. Akachuma jani la nyasi, akaligusisha kwenye mboni ya jicho. Halikupepesa. Akainua mkia akauachia, ukaanguka kama kamba. Akalamba kiganja chake, akakiweka mbele ya pua ya pofu, akangoja upepo umguse. Haukuja.

Adinani na wenzake walifika wakitweta. "Vipi, mzee? Mbona hukati?"

"Amekufa."

"Aa! Mbona bado wa moto!"

"Hata jiwe saa hizi ni la moto, Adinani. Liguse."

Adinani akamtazama pofu, akamtazama Mbaruku, akameza mate. Wale wapagazi wote walikuwa Waislamu, na wote walikuwa wamealikwa harusini. "Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "kata tu. Damu itatoka, bado haijaganda. Sisi tunageuka." Na kweli wakageuka wote wanne, wakampa migongo, wakaangalia porini.

"Mkigeuka nyie mtaona miti," Mbaruku alisema. "Mimi nitaona nini?"

Bwana Mluzi alikuwa amefika, kofia mkononi. "Mbaruku, ni harusi ya mtoto wako. Kata kidogo. Nani atajua?"

"Hakuna kukata kidogo, bwana. Wakiuliza kachinja nani, watatajiwa mimi. Na mimi sikuchinja." Akarudisha kisu kwenye ala. "Ilde, njoo. Mnyama wako huyu."

Ildefonsi alisogea na gunia lake, hakujua aweke wapi uso. Nyumbani kwake walikuwa hawajaonja nyama tangu Pasaka. "Huyu wote, Mzee Mbaruku?"

"Wote. Kapeleke kwa watu wako. Usijitie huzuni wakati tumbo linacheka, nakuona."

"Lakini harusi..."

"Harusi Ijumaa. Leo Jumanne. Chuna, bwana, nzi wanakuja."

Bwana Chaki alisimama kando. Alipofasiriwa kilichotokea, alijifuta ile chaki shingoni kwa kitambaa, akafuta tena na tena hata pale ambapo chaki ilikuwa imeisha.

Jumatano mchana Mbaruku alifika nyumbani Kilimarondo mikono mitupu. Habari ilikuwa imemtangulia. Mkewe Biasha alikuwa amekaa katikati ya masufuria makubwa matano aliyoazima, anayasugua kwa mchanga.

"Baba Mwanaima," alisema bila kuinua kichwa, "haya masufuria nirudishe?"

"Usirudishe."

"Kuku ninao kumi na moja. Nimewahesabu mara mbili, hawakuongezeka."

"Waache watage. Sugua masufuria."

Biasha akamwangalia usoni, akaona si mtu wa kubabaika. Akaendelea kusugua.

Lakini uani palikuwa na macho mengine. Kundi la mbele la watu wa Likunja lilikuwa limefika asubuhi, wanawake wanane, na mkubwa wao alikuwa shangazi wa bwana harusi, Bi Sabaha. Meno ya mbele yalikuwa yamebaki mawili, na maneno yalipita katikati yake bila kizuizi.

"Karibu nyumbani kwako, mkwe," alisema. "Tumetembea siku tatu kutoka Likunja. Njiani watoto wanalia miguu, tunawaambia, nyamazeni, kuna pofu mbele. Tumefika, tunasikia pofu yupo kweli. Yuko misheni, anaimbiwa."

Wanawake wakaangua kicheko. Mbaruku naye akacheka.

"Ndiyo, shangazi. Alikufa kabla sijamfikia."

"Haa! Na wewe tuliambiwa una mbio. Kumbe Izraili ana mbio kuliko wewe."

"Yeye hakushikwa mkanda. Mimi nilishikwa."

"Na kesho atakushika nani?"

"Kesho hanishiki mtu."

"Sisi tunangoja," alisema Bi Sabaha, akavuta khanga yake magotini. "Kuku hatuli. Kuku tunao Likunja, tumewaacha wanachakura. Wewe ndiye uliyesema."

"Nimesema, na nitakulisha, shangazi. Tena utaniomba maji ya kushushia."

Akanywa uji, akaoga, na jua likiwa bado refu akarudi kambini. Alimkuta Bwana Mluzi barazani na mgeni wake. Mbele yao, juu ya meza, yalipangwa makopo ishirini ya nyama ya ng'ombe. Bwana Chaki aliyasukuma kwa mikono miwili kuelekea kwa Mbaruku.

"Ya harusi," Bwana Mluzi alieleza. "Amesikitika sana. Anakupa makopo yake yote."

Mbaruku aliokota kopo moja, akaligeuza, akatazama picha ya ng'ombe. "Huyu kachinjwa na nani?"

Bwana Mluzi akajikuna shingo.

"Mwambie asante, ana roho nzuri. Makopo ale yeye, nchi hii ina baridi ya asubuhi." Akaliweka kopo chini. "Bwana, kibali chake kina nyati."

"Kina nyati, ndiyo. Tulikuwa tunamtafuta wiki ijayo."

"Nyati nitampa kesho. Yupo dume mpweke, analala kwenye matete kule kijito kinapopinda, na usiku anakula muhogo shambani kwa Mama Lusiana. Pembe zake zinatanda hivi." Akanyoosha mikono yote miwili, na Bwana Chaki, ambaye hakuhitaji kufasiriwa, akasimama. "Ila nina maneno yangu matatu. La kwanza, nyama yote ya harusi. La pili, shingo ya nyati haina chaki, nakata ninapojua. La tatu, nikianza kukimbia, asiniguse mtu."

"La tatu siwezi," Bwana Mluzi alisema. "Nyati si pofu. Nyati aliyejeruhiwa akiingia matete, tunangoja. Tunakaa chini, tunavuta sigara, mpaka alie ule mlio wake wa mwisho. Akishalia, ndipo tunaingia. Ndivyo ninavyowarudisha watu wangu wazima."

"Akishalia amekwisha, bwana. Utanipa mzoga wa pili."

"Na ukiingia kabla, nitampa mkeo maiti."

Mbaruku akavuta kigoda, akakaa. Alikuwa mtu wa kueleza pole pole. "Nyati akitaka kufa analia mara moja, anapumzika, analia tena. Mara nyingine mara tatu. Kati ya mlio wa kwanza na wa pili hawezi kusimama, miguu imeshakufa, ila moyo bado. Hapo katikati ndipo mlango wangu. Nimeupita mlango huo kwa nyati sita kabla hujaja nchi hii, wakati huo na mikuki. Wewe utakuwa ubavuni kwangu na bunduki. Nikikosea, piga. Sitakulaumu."

Bwana Mluzi akaanza kupiga mluzi kwa sauti ndogo. Hapo Mbaruku akajua wamekubaliana.

Alhamisi alfajiri walikuwa kwenye matete. Umande ulikuwa unadondoka. Nyati alikuwa anatoka muhogoni, tumbo limejaa, anatembea kama mwenye shamba. Mbaruku aliwaweka upande ambao upepo uliwapiga usoni, akamgusa Bwana Chaki bega, akamwonyesha kwa kidole kwenye mwili wake mwenyewe: hapa, nyuma ya bega, chini kidogo. Bunduki ikalia.

Nyati akayumba, akageuka, akaingia matete kwa kishindo.

Mbaruku hakukimbia. Alikwenda kwenye alama ya kwanza ya damu, akaitia kidole. Ilikuwa nyekundu nyepesi yenye povu. "Mapafu," alisema. "Hafiki mbali." Akavua viatu, akasimama ukingoni mwa matete, kichwa kimeinama upande mmoja. Bwana Mluzi alikuja ubavuni kwake, bunduki begani. Nyuma yao Bwana Chaki alisimama, na mikono yake alikuwa ameifumbata nyuma ya mgongo, kidole ndani ya kidole, kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu.

Ndani matete yalikuwa yanapumua. Pumzi nzito, yenye maji. Ikapungua. Mbu walilia. Adinani nyuma alikuwa anasoma kitu kwa midomo.

Kisha ukaja mlio, mrefu, wa chini, unaoingia mtu tumboni.

Mbaruku akaingia.

Aliyapasua matete kwa bega. Alimwona hatua nane mbele, amelala ubavu, mgongo kwake, na akashukuru kwa hilo. Hakupita mbele ya pembe. Akamjia kwa nyuma, akaweka mguu wa kushoto juu ya pembe ya chini akaikandamiza topeni, na lile jicho kubwa jeusi likazunguka, likamtazama. Lilipepesa. Alijiona mwenyewe humo ndani, mdogo, na kisu.

Kibla kilikuwa upande wa kwato. Hakukuwa na kumgeuza mnyama wa uzito ule, lakini kichwa kilikubali. Akakivuta.

"Bismillahi, Allahu Akbar."

Akakata mara moja, mkono mmoja mrefu. Damu ikaruka mpaka viwikoni kwake, ya moto, ikapiga matete kama mvua. Mkia ukachapa tope mara mbili. Ule mlio wa pili ulitoka kama upepo tu, kwa sababu koo lilikuwa limefunguka.

"Hai!" alipiga kelele. "Nimemkuta hai! Adinani, njoo uone, na safari hii usigeuke!"

Adinani alikuja mbio na Ildefonsi nyuma yake, akaona mkia unatikisika, akaanza kucheka na machozi yanamtoka. Bwana Mluzi, aliyekuwa amemfuata hatua mbili nyuma, alishusha bunduki. Akaanza tena kupiga mluzi. Bwana Chaki alifika mwisho, mikono bado iko nyuma, na ilibidi Ildefonsi amwambie kwa ishara kwamba sasa anaruhusiwa kuifungua.

Nyama ilifika kijijini jua likianza kushuka, kwa fito mabegani na kwa vichwa vya watu, na mapaja manne yakiwa yamefunikwa majani. Bi Sabaha alikuwa amesimama njiani. Hakumuuliza Mbaruku. Aliwapita yeye na wapagazi wote, akamwendea Ildefonsi.

"Wewe mwana, nasikia wewe si wa dini yetu."

"Ndiyo, mama. Mimi Mkatoliki."

"Basi huna sababu ya kunidanganya. Huyu alichinjwa hai?"

Ildefonsi akatua gunia. "Mama, mimi jana na leo nimekula nyama ya pofu mpaka nimechoka, kwa sababu mzee huyu alikataa kumkata. Angekuwa mtu wa kukata kilichokufa, pofu ungekuwa umemla wewe. Na nyati huyu nimemwona akipiga mkia. Mimi mwenyewe matope haya yalinirukia." Akamwonyesha shati.

Bi Sabaha aliyatazama yale matope kwa karibu, kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Kisha akageuka na kupaza sauti: "Biasha! Leta sufuria zako! Na chumvi!" Vigelegele vikaanza uani, vikapokelewa nyumba ya pili, na ya tatu.

Nyati mzee haivi upesi. Walimchemsha usiku kucha, na asubuhi ya Ijumaa Bi Sabaha alikuwa bado anamchoma kwa kijiti, akilalamika kwamba mnyama huyu alisoma darasa moja na babu yake. Lakini baada ya swala na ndoa kufungwa, vyano vya wali viliposhuka, Mwalimu Shaban alinawa mikono, akakaa wa kwanza, akachukua pande kubwa. Watu wakamfuata. Arobaini wa Likunja wakala, Kilimarondo ikala, wapagazi wakala wakarudia. Bwana Mluzi na Bwana Chaki walikalishwa kwenye mkeka pamoja na wazee, na Bwana Chaki alitafuna pande moja muda mrefu sana bila kulalamika.

Mbaruku alikuwa anazunguka na birika la maji ya kunawa, kama baba wa bibi harusi anavyotakiwa. Alipofika kwa wanawake wa Likunja, Bi Sabaha alikuwa ameweka nyama upande wa shavu la kushoto, kule meno yalikobakia.

"Mkwe," alisema, "nipe maji."

"Ya kunawa au ya kushushia?"

"Usinicheke. Sikia. Mwanaima akijifungua tutakuita Likunja kwenye akika. Uje na hicho kisu."

"Kwani nyie hamna mchinjaji?"

"Tunaye," alisema Bi Sabaha, akatafuna, akameza. "Yule ni mtu wa haraka. Hagusi jicho."

Mbaruku akammiminia maji.